Migomba Mitatu ya Mkono wa Tembo

Kwamkoro,
3 Machi 1974

Mama yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye ukungu. Najua Halima wa Mzee Athumani ndiye anayekusomea, kwa hiyo salamu zake nampa hapahapa mwanzoni, asije akazisoma kimoyomoyo akaziruka.

Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha Januari kimekwisha. Bado nipo kwenye kitalu cha miche ya chai, na mwaka huu nimepewa watu sita wa kuwasimamia, wote wakubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo kila amri naanza na shikamoo. Mvua ya huku haijui kupumzika. Nikifua shati Jumatatu nalivaa Alhamisi, na bado lina umande.

Mama, migomba ya marehemu baba iko vipi? Hasa ile mitatu ya mkono wa tembo niliyokuletea mwaka wa sabini. Safari ile nikiikumbuka nacheka peke yangu. Lori mpaka Muheza, basi mpaka Mombo, gari la mboga mpaka Soni, halafu kwa miguu mpaka Vuga, matunguu matatu ya miche kichwani na udongo wake wote, matope yananitiririka shingoni. Wenzangu wa kambini walinicheka siku nachimba. Walisema kung'uta udongo, kata mizizi, mzigo uwe mwepesi. Nikawaambia kwetu hatumtoi mtoto wa mgomba uchi; ukimpa mtu mche bila udongo wake umemtukana. Nawe uliponipokea uliuzunguka ule mzigo ukasema, "Mwanangu ana adabu." Sijasahau.

Nimeahidiwa ruhusa ya siku tano wakati wa Maulidi. Nitakuja. Nina neno la kukueleza, neno jema, ila siliandiki kwa kuwa anayekusomea ana masikio.

Niwekee mkungu mmoja.

Mwanao,
Rajabu


Vuga,
19 Machi 1974

Kwa Rajabu,

Haya ni maneno ya mama yako, mkono ni wangu mimi Halima.

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika, nimesomewa mara mbili. Mimi ni mzima. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana doa jicho moja utadhani amepigwa ngumi. Nimejiandikisha kisomo cha watu wazima. Tunasoma mchana baada ya shamba, na mimi si wa mwisho darasani, wa mwisho ni mwingine simtaji.

Migomba ipo. Upepo umeangusha michache. Labda ni fuko anayekula mizizi. Kama huko kwenu wana mtego mzuri wa fuko, nieleze.

Kuhusu Maulidi, usije. Daraja la kutoka Soni limechukuliwa na maji, watu wanapita kwa shida. Ruhusa ni kitu cha kutunza. Utakuja siku nyingine.

Mkono wa tembo upo. Usiulize kila mara mkono wa tembo, mkono wa tembo, kana kwamba huku hakuna mmea mwingine.

Mama yako,
Mwanahawa binti Issa


Kwamkoro,
7 Aprili 1974

Mama,

Shikamoo. Maulidi imepita na mimi nimeisomea hapahapa kambini, na watu wasioijua hata qasida moja mpaka mwisho. Zile siku tano zimepotea bure.

Sikuandika kukulaumu. Lakini juzi nimekutana na dereva Mussa, yule wa gari la mboga, amekuja Muheza. Nimemuuliza habari za daraja akanishangaa. Anapita pale kila wiki na gari limejaa kabichi.

Mtego wa fuko ni rahisi: kijiti cha kupinda, kamba na kitanzi, uweke ndani ya njia yake na uifunike asione mwanga. Kuhusu upepo, egemeza kila mgomba wenye mkungu kwa nguzo mbili. Ila mama, upepo gani huo wa mwezi wa tatu? Na umeangusha mingapi? Uliniambia michache, na wewe ukisema michache kuhusu maharage huwa una maana debe zima.

Kuna nini?

Rajabu


Vuga,
11 Mei 1974

Kaka Rajabu,

Hii si barua ya mama yako. Hajui kama naandika, na akijua atanikasirikia, lakini nimechoka kuandika uongo kwa mwandiko wangu mzuri.

Fuko hakuna. Upepo hakuna. Daraja lipo palepale, jana nimepita juu yake na ndoo kichwani.

Unakumbuka mwaka wa sabini na mbili tulipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa. Kila kaya iliambiwa itoe miche ya migomba kwa ajili ya shamba la kijiji. Watu walitoa mitatu, minne. Mama yako alitoa arobaini, kila mmoja na udongo wake, akaibeba mwenyewe tangu asubuhi mpaka watu wanatoka msikitini alasiri. Baba yangu alimsifu mbele ya kijiji kizima. Na si shamba la kijiji tu. Kila binti aliyeolewa mtaani kwetu, kila mtu aliyejenga, alikwenda kuchukua mche kwa mama yako, kwa sababu migomba yake ndiyo iliyokuwa inasifika.

Sasa inaanguka. Inaanguka na mikungu yake, ndizi zikiwa bado changa, hata siku ambayo jani halitikisiki. Unausukuma kwa mkono mmoja, unalala. Shamba la kijiji lote limelala. La kwetu limelala. Watu wamekaa wakalinganisha: kila ulipokwenda mche wa Mwanahawa, migomba inaanguka, usipokwenda, imesimama. Ya Bi Mwanaidi imesimama yote. Na unajua hao wawili hawajasalimiana tangu ule ugomvi wa mbuzi, mama yako hajampa hata jani la kufunikia chungu.

Wanasema anabana shi. Huhitaji nikueleze uzito wa neno hilo huku kwetu, mtu kuambiwa anaiharibu nchi. Asubuhi hakuna anayekwenda kwake kuomba moto. Siku ya Maulidi alipeleka sinia la chakula, likarudi kama lilivyokwenda. Alijua litarudi. Ndiyo maana alikukataza kuja.

Baba yangu ndiye balozi wa nyumba kumi, na ameitisha mkutano Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Linalosemwa ni kwamba mama yako ahamie kwa kaka yake huko Bungu, na shamba la marehemu baba yako ling'olewe lote. Mimi ni binti wa balozi, mkutanoni sina la kusema. Nimekwambia wewe.

Halima


Kwamkoro,
26 Mei 1974

Halima,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye matope, watu wangu sita wananitazama. Asante. Najua nyumbani kwenu umejiweka pabaya kwa ajili yetu.

Nilikwenda jioni ileile kwa Bwana Rubeni, bwana shamba wetu hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Mmepasua tunguu mkatazama ndani?"

Kuanzia hapa msomee mama.

Mama, shikamoo. Usimgombeze Halima. Mimi ndiye niliyemlazimisha.

Huyo anayeangusha migomba ana jina. Anaitwa fukusi. Ni mdudu mweusi, hafiki punje ya hindi, ana mdomo mrefu uliopinda. Mchana anajificha kwenye majani makavu na chini ya shina, na ukimshika anajifanya amekufa. Anataga kwenye tunguu, na funza wake ndio wanaotoboa huko chini mpaka tunguu zima linakuwa pumba. Kwa nje mgomba ni kijani na unapendeza. Ndani hauna kitu cha kuushika ardhini. Ukibeba mkungu mzito tu, unalala.

Basi mama, hakuna mchawi! Chukueni mgomba mmoja ulioanguka mpasue tunguu mbele ya watu, mchana kweupe, kila mtu aone kwa macho yake. Halafu kateni gogo la mgomba vipande vya urefu wa mkono, mvipasue katikati, mvilaze karibu na mashina, upande wa ndani uangalie chini. Asubuhi mtawakuta fukusi wamejikusanya hapo. Waokoteni, muwachome moto. Kila siku, bila kuchoka.

Na Bwana Rubeni amesema jingine. Fukusi hasafiri mwenyewe, anabebwa na watu, kwenye tunguu lenye udongo. Anasema mche unatakiwa kumenywa tunguu mpaka liwe jeupe, udongo utoke wote, uchovywe kwenye maji ya moto, ndipo upandwe. Nilicheka, nikamwambia bwana wewe hujui adabu za Washambaa. Lakini baadaye nilifikiri: kumbe kuna mtu alimleta mdudu huyu Vuga. Tukimjua mtu huyo, wewe umepona. Tafuteni shina lililoanguka la kwanza kabisa, muulizane lilitoka wapi na nani alilileta. Asimame mkutanoni aseme. Kwa jinsi alivyokutesa, sina huruma naye, hata awe nani.

Rajabu


Vuga
22 Juni 1974

Rajabu mwanangu

Hii naandika mimi. Mkono wangu. Halima hayupo hapa. Herufi ni mbaya usicheke.

Barua yako nimesomewa. Usitafute nani alileta. Acha.

Nitakwenda Bungu kwa mjomba wako. Nimekubali. Bungu ni pazuri kuna maji karibu.

Fanya kazi. Usije mkutano. Kula vizuri.

Mama


Vuga,
23 Juni 1974

Kaka Rajabu,

Mama yako ametuma barua yake mwenyewe jana, hakunionyesha. Sijui amekuandikia nini. Mimi nakuandikia nilichokiona.

Tulipasua tunguu. Baba alikuja, na wazee wanne, na kina mama wengi. Ilikuwa kama ulivyosema, funza weupe wenye vichwa vya kahawia, mashimo huku na huku, na fukusi wawili waliojifanya wamekufa mpaka mmoja alipoanza kutembea kwenye kiganja cha baba. Nikadhani yamekwisha. Baba akasema, "Nimeona mdudu. Chui naye ni mnyama tu, lakini wapo chui wanaotumwa. Huyu katumwa na nani?"

Hapo nikafungua barua yako nisome lile swali lako, shina la kwanza ni lipi na nani alilileta. Mama yako akanishika mkono. Akawaambia wazee njooni kesho, nitawaonyesha lilipoanzia.

Kesho yake saa tatu watu walikuta mashimo matatu na moshi. Alikuwa ameng'oa mashina matatu tangu kulipopambazuka, peke yake, kwa jembe, akayakatakata na kuyachoma pamoja na majani. Watu wakasema alikuwa anaficha vitu vyake. Hata wale wachache waliokuwa wanamtetea sasa wamenyamaza.

Mimi nilifika kabla yao. Nilimkuta anafagia majivu, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Nikamuuliza, mama, hapa palikuwa na mgomba gani? Aliendelea kufagia. Lakini shamba lile nimecheza tangu mdogo, yale mashimo nayajua. Ni mkono wa tembo. Ile mitatu yako.

Nilipotaka kusema kitu akanitangulia. Aliniambia, "Balozi hawezi kumwoza binti yake kwa mtu aliyeua shamba la kijiji." Nikajifanya sikuelewa.

Sijamwambia mtu, Rajabu. Ukisema ninyamaze nitanyamaza, na sitakuona vibaya. Lakini mkutano uko palepale.

Halima


Kwamkoro,
14 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako na ya Halima siku moja. Yako nimeiweka mfukoni, natembea nayo. Herufi zako si mbaya.

Nilikwenda nyuma ya kambi nilikochimba ile miche mwaka wa sabini. Sikuwahi kurudi pale tangu siku ile. Migomba yote imelala, imeota magugu juu. Nilipasua tunguu moja kwa panga, halafu la pili, halafu nikaacha. Ni walewale.

Kwa hiyo ni mimi. Niliwabeba kichwani siku mbili. Niliwapitisha Muheza na Mombo na Soni, nikakuletea wewe, nikakataa hata kuwakung'uta kwa kuwa nilitaka uone nina adabu. Na mwezi wa tano nikaandika kwamba sina huruma na mtu huyo, hata awe nani. Ulisomewa maneno hayo umekaa, ukanyamaza. Mama, nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Tangu lini ulijua? Ulikuwa unajua wakati sinia linarudi?

Nimeomba ruhusa nije mkutanoni, nimekataliwa. Zile siku za Maulidi wanazihesabu nimezipata. Nyingine hakuna mpaka Oktoba. Nikitoroka nafukuzwa, na sina kazi nyingine ya kukutunza nayo. Lakini Bungu huendi. Ndani ya barua hii kuna nyingine, ya Mzee Athumani, nimeifunga. Mpe Halima aisome mbele ya mkutano. Aisome yote, asiruke kitu kwa ajili yangu wala kwa ajili yake. Neno lile jema nililotaka kukueleza, nadhani umekwishalijua, na nadhani limekwisha. Sawa. Afadhali nilikose mimi kuliko wewe ukose nyumba ya baba.

Usiichome hii kama ulivyochoma mashina. Nakuomba, mama.

Mwanao,
Rajabu


Kwamkoro,
14 Julai 1974

Kwa Mzee Athumani, Balozi, na wazee wote na kina mama mliokaa mkutanoni,

Shikamooni.

Mimi ni Rajabu, mtoto wa marehemu Bakari na Mwanahawa. Mwaka wa sabini nilileta Vuga matunguu matatu ya mkono wa tembo kutoka huku Kwamkoro. Ndani yake walikuwamo fukusi. Sikujua. Niliyaleta na udongo wake kama tulivyolelewa wote hapo. Kutoka kwenye matunguu hayo fukusi waliingia kwenye migomba ya baba, na kutoka kwa baba wakaingia kwenye miche arobaini ya kijiji, na kwenye migomba yenu nyumbani. Nimekwenda kutazama nilikochimba. Wapo.

Mashimo matatu mliyoyakuta yalikuwa ya migomba yangu. Mama hakuficha uchawi. Alikuwa ananificha mimi.

Kama kuna wa kufukuzwa ni mimi, na mimi niko mbali tayari. Yeye mwacheni kwenye nyumba yake. Shamba la kijiji nitakuja kulilima upya kila nitakapopata ruhusa, kwa mikono yangu, mpaka mseme basi.

Ni mimi mtoto wenu,
Rajabu Bakari


Vuga
22 Septemba 1974

Rajabu mwanangu

Marahaba. Leo tumefunga siku ya tano. Halima alikuandikia mwezi uliopita kwamba sikuhamishwa, akaishia hapo kwa sababu nilimkataza. Yaliyobaki nilitaka kuyaandika mwenyewe. Nimeandika kidogo kidogo baada ya kisomo, ndiyo maana wino si wa rangi moja. Sasa sijamuuliza Halima herufi hata moja, isipokuwa neno mkutano.

Barua yako ilinikasirisha. Nilitaka kuichoma kweli, nikaiweka karibu na moto mara mbili. Kisha nikafikiri, mtoto amenisihi.

Siku ya mkutano Halima alisimama akasoma. Mbele ya baba yake. Alipofika pale uliposema nilikuwa nakuficha wewe, sauti ilimkatika, akarudia mstari wote tangu mwanzo. Hakuruka. Nikamtazama nikasema moyoni, huyu ndiye.

Balozi akauliza, kijana alijua? Halima akasema hakujua. Akauliza, mama yake alijua? Nikasimama mwenyewe. Nikasema mwaka jana niliona ile mitatu ndiyo iliyoanza kulala, kabla ya mingine yote. Mdudu sikumjua. Lakini nilijua balaa limetokea wapi na nani kalileta. Nikanyamaza kwa sababu ni mwanangu, na ningenyamaza tena. Umeniuliza kama nilijua siku sinia linarudi. Nilijua. Nilikula chakula kile siku tatu.

Nikajua sasa wewe umekwisha, na mimi nimekwisha.

Mzee Athumani akasimama na barua yako mkononi, anaitazama kana kwamba hajasomewa. Halafu akasema, "Mwaka jana nilimpelekea dada yangu Mlalo miche sita. Na udongo wake." Basi. Akakaa chini.

Mama mmoja nyuma akasema, mimi nilimpelekea binti yangu Bumbuli. Mwingine akasema, mimi nilipeleka Bungu, kwa wakwe. Mzee mmoja akasema mimi niligawa kwenye arusi tatu. Wakaendelea hivyo, huyu akimaliza huyu anaanza, wengine wanalia. Rajabu, walikuwa wamekuja kunifukuza, wakabaki kukumbuka kila mmoja alimpelekea nani. Hakuna aliyekuwa hajampelekea mtu. Sisi wote tuna adabu.

Bungu hakuna aliyeitaja tena, isipokuwa kwamba ipelekewe barua.

Tuliandika barua tangu siku ileile. Halima aliandika mpaka kidole kikavimba. Tulio kwenye kisomo tukaambiwa tusaidie. Nimeandika mbili. Kumbe barua yangu ya pili katika maisha nimemwandikia mwanamke wa Mlalo nisiyemjua, kumwambia apasue tunguu, asiogope, si uchawi, aokote wadudu asubuhi.

Sisi tunaokota. Watoto wanaokota kwa kushindana. Shamba la kijiji limeng'olewa na halitapandwa migomba mpaka mwakani, tumepanda maharage. Ya baba yako nimeng'oa nusu. Nusu inajitahidi.

Siyo kila mtu amerudi. Wapo wawili bado wanazunguka njia ya mbali wasipite kwangu. Waache. Lakini moto naombwa tena asubuhi, na jana futari ililetwa na watu watatu kwa pamoja, sikujua nile ipi, nikala zote nikaumwa tumbo.

Sikiliza hili. Mwanaidi amekuja. Tangu ule ugomvi wa mbuzi ni miaka tisa. Amesimama uani, hakusalimu, amebeba miche minne kutoka kwake ambako hakuna mdudu. Na kila mmoja ana udongo wake wote umeshikamana, umefungwa na majani makavu vizuri kabisa. Nikachukua kisu nikaanza kumenya mbele yake. Akasema, "Mwanahawa, unanitukana?" Nikamwambia sikutukani, na miche yako ni safi, najua, lakini hii sasa ndiyo desturi, hata kwa aliye safi. Akatazama tunguu linavyokuwa jeupe. Akauliza kisu kingine kiko wapi. Tumemenya pamoja. Kuhusu mbuzi hatujasema neno.

Mzee Athumani ameniuliza ruhusa yako ya Oktoba ni siku ngapi. Nikasema tano. Akasema zinatosha. Sikumuuliza zinatosha kwa nini. Lile neno lako jema utamweleza yeye, mimi nimekwisha kulisikia.

Mmoja kati ya miche minne nakuletea kwa mkono wa Mussa. Nimeumenya, nimeuchovya maji ya moto kama bwana shamba wako alivyosema. Mussa aliubeba kwa mkono mmoja akacheka, akasema mama, mzigo huu hauna uzito. Hauna udongo hata chembe. Najua utauona umekuja uchi, na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba hivyo ni matusi. Upande hivyohivyo.

Udongo wa kwenu njoo uukanyage mwenyewe. Njoo Idd. Daraja lipo.

Mama yako
Mwanahawa